Nyumba ya Vyumba Kumi na Vinne

Mabawa, Tanga
12 Februari 2024

Mdogo wangu Hafidh,

Marahaba. Najua shikamoo utaiandika, basi naitikia kabisa tusipotezeane wakati. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linakaa kwa masharti yake. Joto ni la kukaanga. Ibrahimu fundi saa, uliyesoma naye, amefunga kibanda. Anasema watu hawavai saa tena, wanatazama simu, kisha wanachelewa vilevile. Anakusalimu.

Zuwena alitaka nikupigie ile simu ya kuonana uso kwa uso. Nimekataa. Mara ya mwisho tulitazamana dakika ishirini, wewe unalia, mimi nalia, hatukusemezana neno mpaka chaji ikaisha. Barua inachukua wiki tatu lakini inafika imekauka.

Sasa sikiliza. Mjukuu wangu huyo anahitimu chuo huko Fukuoka tarehe 25 Septemba, na ndugu wamechanga ili mmoja wetu aende. Mama yake, Rahila wangu, anaogopa ndege. Mimi siogopi, kwa kuwa sijawahi kuipanda. Kwa hiyo nakuja mimi. Baada ya mahafali Zuwena atanileta kwako Oita, na nitakaa siku tano.

Usinitayarishie makubwa. Nataka chumba kimoja tu kati ya vile kumi na vinne: kile cha juu, dirisha la tatu kutoka kushoto. Picha ya nyumba yako iko ukutani sebuleni tangu ulipoituma mwaka 1993, na mama alipokuwa hawezi tena kuinuka tulimgeuzia kitanda ili aione. Dirisha lile nimelifuta vumbi miaka thelathini na moja. Kabla sijafa nataka nichungulie kutoka upande wa ndani.

Dada yako,
Semeni


Oita
10 Machi 2024

Dada yangu Semeni,

Shikamoo, ingawa umekwisha kuitikia. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Huku baridi haijaondoka lakini miplamu imechanua bila kusubiri ruhusa yake. Ramadhani inaingia keshokutwa. Katika mji huu wafungaji ninaowajua ni watatu: mimi, Mwindonesia wa kiwanda cha samaki, na Mpakistani anayeuza magari, ambaye kila mwaka hutuambia mwezi umeonekana kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuja kwako ni furaha nisiyo na kipimo chake. Miaka arobaini na sita hatujaonana. Ila kuna jambo moja dogo. Nyumba iko katika matengenezo ya paa, na mafundi wa huku wana utaratibu wao. Nimeona heshima yako itunzwe mahali pazuri zaidi, kwa hiyo nimechukua daftari na kuzunguka wiki nzima kukutafutia malazi.

Karibu na stesheni kuna hoteli ya wafanyabiashara. Ni safi mno. Chumba ni kidogo kiasi kwamba ukitandika mswala mlango haufunguki, na choo kina vitufe kumi na kimoja, ambavyo vitatu, pamoja na kuishi nchi hii tangu 1993, bado sijui kazi yake. Jirani yake kuna hoteli ya visanduku, wageni hulala katika matundu ya ukutani kama mikate kwenye tanuri. Naitaja kwa ukamilifu tu. Pwani kuna familia ya wavuvi inayopokea wageni nyumbani kwao: unakula pamoja nao, samaki wa siku ileile, na baada ya chakula baba mwenye nyumba huimba. Nimemsikia. Mlimani kuna hekalu lenye vyumba vya wageni. Chakula chao hakina nyama ya aina yoyote, kwa hiyo habari ya nguruwe haipo. Ila huamsha watu kwa kengele saa kumi na moja alfajiri.

Iko pia nyumba moja ya wageni ya zamani, yenye maji ya moto ya kuogea. Sikushauri. Ngazi ni nyingi, na goti lako nimelisikia.

Nijulishe unachagua ipi. Na chumba changu hapo Mabawa kikoje? Kitanda cha mvule cha baba bado kiko chini ya dirisha? Sanduku langu la vitabu halijaingiwa na mchwa?

Mdogo wako,
Hafidh


Mabawa, Tanga
15 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Idi ilikuwa njema, mvua ilinyesha mpaka pilau tukaifunikia mwavuli. Rahila amesakafia uwani. Paka amezaa katika kabati la vyombo vya wageni na sasa ni vyake.

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya Rahila na majirani wawili, ukurasa baada ya ukurasa, tukingoja ufike mahali pa kusema "karibu nyumbani." Karatasi ikaisha.

Hafidh, gesti ni ya mtu asiye na ndugu katika mji ule. Hilo hukufundishwa, ulizaliwa nalo. Shangazi alipokuja kutoka Wete na watu tisa, mwaka ule wa mafuriko, walilala wapi? Wewe ulilala juu ya meza ya kulia na asubuhi tukakuondoa ili tunywe chai. Alikuwepo mtu aliyetaja hoteli?

Na hayo uliyoyaorodhesha! Unilaze ukutani kama mkate? Uniweke hekaluni, mimi binti wa maalim? Halafu unanitisha kwa kengele ya saa kumi na moja. Saa kumi na moja mimi nimeshaswali na nimeshagombana na muuza maziwa. Huyo mvuvi anayeimba, mwambie sina neno naye, lakini sijatoka Tanga kusikiliza mvuvi.

Kama paa linavuja nitalala chini ya mwavuli. Kwako. Watu wa kikundi chetu cha maulidi nimeshawaambia.

Naandika upesi kabla tarumbeta halijaanza.

Semeni


Oita
12 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Sina hakika kama paka anayezaa katika vyombo vya wageni ni bishara njema, lakini naipokea kama njema. Huku mashamba ya mpunga yamejazwa maji na ukipita asubuhi milima imelala humo kichwa chini. Ungeyapenda. Yangekukumbusha Pemba, kasoro inzi.

Paa limekaribia kwisha, lakini mafundi wamegundua mchwa katika nguzo za chini. Mchwa wa huku wana adabu, hawali kwa haraka, ila dawa yake inanuka miezi mitano. Kwa hesabu yangu inaishia mwezi wa kumi.

Nimerudi kwa yule mvuvi. Nimemwomba asiimbe siku zako, akaniuliza kama wewe ni mgonjwa. Nimepata pia nyumba ya mjane mmoja anayepangisha ghorofa ya juu. Analala saa moja jioni, na ametaka kujua kama unakoroma. Nilimjibu kwamba nilikuacha ukiwa kijana, kwa hiyo sina taarifa za karibuni.

Tarumbeta gani hilo? Mabawa niliyoiacha haikuwa na tarumbeta. Na hukunijibu habari ya chumba changu. Nauliza kwa sababu usiku mwingine nikikosa usingizi hukitembelea: naanza mlangoni, napita kitanda, nafika dirishani. Nikifika sandukuni kwa kawaida nimeshalala.

Hafidh


Mabawa, Tanga
9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Tu wazima. Goti vilevile. Mchwa nimewasikia.

Basi, umeshinda. Usihangaike tena na daftari lako. Zuwena amenipatia malazi huko huko kwenu, ameyaona kwenye simu na ameyalipia. Yana maji ya moto ya kuogea, na goti litafaidi.

Hali ya hewa huku ni nzuri.

Semeni


Oita
20 Juni 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mvua za msimu zimeanza, kila kitu kina ukungu, pamoja na mimi. Barua yako ya mwezi huu haijafika, lakini siwezi kungoja.

Nimepata habari, kwa njia ambayo si rahisi kueleza, kwamba katika nyumba ile ya wageni ambayo sikukushauri, yupo mtu ameagiza chumba kuanzia tarehe 27 Septemba, usiku tano. Katika sehemu ya maombi maalumu pameandikwa kwamba mgeni ni bibi wa miaka sabini na sita, hali nguruwe, hanywi pombe, na anataka chumba cha juu, dirisha la tatu kutoka kushoto.

Inawezekana ni bibi mwingine.

Kama si mwingine, nakuomba ufikirie tena. Yule mjane amekubali hata ukikoroma.

Hafidh


Mabawa, Tanga
14 Julai 2024

Hafidh,

Umejuaje?

Dada yako


Oita
7 Agosti 2024

Dada Semeni,

Shikamoo. Barua yako ya neno moja nimekaa nayo siku tatu. Ni barua ndefu kuliko zote ulizowahi kuniandikia.

Nimejuaje: jina lako limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa wageni watarajiwa. Ubao huo uko ukutani kwa Bi Okada, mwenye nyumba, na mimi naupita kila asubuhi nikienda kazini. Aliniita mwenyewe akasema, "Huyu mgeni wa dirisha la tatu, miguu yake haiko sawa, mtafutie kiti cha bafuni." Nikaitikia vyema. Ndiyo kazi yangu.

Mimi si mwenye nyumba, dada. Ni mtunza mabafu. Nasugua mawe ya hodhi, naokota majani, napima joto la maji kwa kipimajoto na kisha kwa kiwiko, kwa sababu kipimajoto hudanganya. Wageni wakifika nawabebea mizigo, nikiwa nimevaa koti la buluu lenye jina la nyumba mgongoni. Naishi nyuma ya bafu la wanaume. Huku chumba hupimwa kwa idadi ya mikeka inayoenea sakafuni, na changu ni mikeka sita. Humo tuliishi na mke wangu Fumie, ambaye alikuwa mpishi wa nyumba hii na siyo, kama nilivyowaandikia, mke aliyependa sana kupika. Tangu alipofariki naona ni kikubwa.

Paa halikuharibika. Mchwa hawapo. Uliwahi kujiuliza kwa nini Zuwena alipokuja mara mbili nilimpokea stesheni, nikamlisha samaki mkahawa wa stesheni, nikamsindikiza stesheni? Mtoto ataiona stesheni hiyo katika ndoto.

Picha ile ilipigwa siku yangu ya kwanza ya kazi. Niliacha ubaharia nikiwa na miaka arobaini, na nilitaka mama ajue tu kwamba nimetua mahali pakavu. Akajibu, kwa mwandiko wa baba: "Alhamdulillahi, mwanangu kajenga." Nilishika kalamu nimrekebishe. Nikawaza kwamba mama wa Mabawa ambaye mwanawe ameondoka na meli ya mkonge mwaka 1978, miaka kumi na tano majirani wakimuuliza kapotelea wapi, sasa ana jibu. Nikaiweka kalamu. Baadaye akauliza vyumba vingapi. Nikatoka uwanjani, nikahesabu, nikamwandikia kumi na vinne. Bustani ipo. Dimbwi la samaki lipo. Yote niliyoandika yalikuwa ya kweli, isipokuwa mwenyewe.

Alipofariki nilidhani ningekuambia. Lakini wewe ukaandika kwamba picha umeitia fremu mpya.

Sasa unajua. Ukitaka kubadili malazi, siku za kurudishiwa zinaisha tarehe 20 Septemba. Ukija, nitakubebea mzigo, na kikundi cha maulidi utakiambia utakavyoona. Ninachoomba ni kwamba usinihurumie mbele ya Bi Okada. Ananijua kama mtu mwenye asili njema.

Hafidh


Mabawa, Tanga
16 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Hii haitawahi kufika kabla yangu, kwa hiyo nitaibeba mwenyewe na kukupa mkononi. Isome nikiwa naoga, nisione uso wako.

Nilijua. Yapata miaka miwili. Zuwena alipokuja likizo aliipiga picha ile picha yetu ya ukutani, akaiuliza simu ni nyumba gani, simu ikamjibu bei ya chumba pamoja na kifungua kinywa. Akaniambia, "Bibi, nyumba ya babu Hafidh ni gesti." Nikamwambia nyamaza, na fremu ukiirudisha uifute vidole. Sikukuambia kwa kuwa niliona unaifanyia kazi kweli kweli siri yako, nikasema nisimharibie mtu kazi. Lakini mchwa, Hafidh! Mchwa walinikasirisha.

Chumba cha dirishani nimekilipia na dirisha nitalichungulia. Kulala nitalala kwako. Ikiwa ni mikeka sita, mimi nachukua minne.

Semeni


Oita
12 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Umeondoka siku kumi na chumba changu bado kinanuka udi. Silifungui dirisha.

Sijui kama naweza kukuandikia uliyoyaona mwenyewe, lakini wewe uliyaona kwa upande wako, na nataka uwe na nakala ya upande wangu. Gari lilipofika nilikuwa mlangoni na koti langu. Nikainama, nikakaribisha kwa Kijapani, macho chini kama inavyotakiwa, nikaona viatu vya kahawia vya Bata na soksi za Rahila. Nikashindwa kuinuka. Wageni wawili wa Osaka walinisubiri kwa heshima, wakidhani ni mila. Ndipo ukasema kwa sauti ya kumwita muuza maziwa: "Inuka bwana, begi hilo lina achari, usililaze!"

Bi Okada hajapona. Ulipomwonyesha kwa vidole kwamba wewe unalala kule nyuma, aliona haya mpaka masikioni. Akaniambia mgeni hawezi kulala chumba cha mfanyakazi. Nikakutafsiria. Ukasema, "Mwambie mimi si mgeni." Nikamtafsiria. Akafikiri sana, kisha akasema chumba cha juu kimelipiwa, na chumba kilicholipiwa katika nyumba hii hakijawahi kulala kitupu tangu enzi za babu yake. Kwa hiyo, mtunza mabafu apande juu.

Hivyo wewe ukalala mikekani mwangu, nami nikalala dirisha la tatu kutoka kushoto, usiku tano. Asubuhi Bi Okada mwenyewe alipiga magoti mlangoni na sinia. Masinia yale nimeyabeba mpaka kizingitini miaka thelathini na moja, dada. Sikujua yanaonekana vipi mtu akiwa ndani. Nilimwambia ainuke, akanijibu, "Mheshimiwa mgeni, tafadhali, supu itapoa."

Na ile asubuhi ya tatu ulipokifukiza chumba changu! Nilikuwa na sinia mapajani king'ora kilipolia. Wageni kumi na tisa uwanjani na nguo zao za kulalia, gari la zimamoto linapanda mlima, na wewe unatoka wa mwisho, chetezo mkononi, ukiwatuliza kwa Kiswahili: "Msiogope, jamani, ni udi tu, wa Pemba, si wa dukani." Yule bwana wa zimamoto uliyemfukiza kofia aliniuliza jana kama utarudi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni uliposhuka kwenye hodhi, lile la faragha, na kanga yako kifuani. Sheria inakataza nguo majini. Miaka yote hiyo nimewakatalia watu, hata mbunge mmoja. Nilisimama nje ya pazia nikijifanya sioni. Ukanusa yale maji, ukaita:

"Hafidh! Haya si maji ya Amboni?"

"Ndiyo, dada."

"Yale ya yai viza? Ya baba kutupeleka tukiwa na upele?"

"Ndiyo."

"Yaani umezunguka dunia yote, ukavuka bahari zote hizo, ukaja kuajiriwa Amboni!"

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya ndoo. Kwa kweli nilikubali kazi hii mwaka ule kwa sababu ya harufu hiyo. Sikuwahi kumwambia mtu, hata Fumie.

Stesheni nilikuambia kwamba mwakani, baada ya Idi, nitakuja Tanga na nitalala chumbani kwangu. Ukaugeuza uso, ukawa unaitazama treni. Treni ilikuwa bado haijafika.

Hafidh


Mabawa, Tanga
5 Novemba 2024

Mdogo wangu Hafidh,

Marahaba. Nilifika salama, goti linapanda ngazi peke yake siku hizi. Achari uliyoifunga kwa karatasi ili nimletee Rahila nimegundua ni ileile niliyokuletea wewe. Nimeila.

Kikundi cha maulidi kiliniuliza nyumba ikoje. Nikasema mdogo wangu alilala chumba cha juu na mwenye nyumba akampigia magoti. Mungu anisamehe, sikupunguza wala sikuongeza.

Wewe nilikukemea kwa ajili ya mchwa. Sasa keti, kwa kuwa mimi nami nina mchwa.

Chumba chako kina mtu. Anaitwa Methusela, ni mwalimu wa hesabu, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri. Aliingia mwaka 2013 kwa miezi miwili, akitafuta nyumba. Bado anatafuta. Kitanda cha mvule analalia yeye. Tarumbeta ni lake, anapiga katika bendi ya kanisa, na kila jioni hufanya mazoezi akiwa ameelekea kwenye dirisha lako. Siku zile nilipoanguka bafuni ndiye aliyenibeba mpaka kwenye bajaji. Naye ananiita mama. Sikuweza kumwambia hama, na sikuweza kukuambia wewe, ambaye kila barua unaniuliza kitanda, dirisha, sanduku.

Sanduku liko. Vitabu vyote amevisoma. Mahali ulipoandika maoni yako pembeni ukiwa na miaka ishirini, yeye ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu. Mara nyingi hakubaliani nawe.

Kwa hiyo nimechukua daftari kama wewe, nikakodi bajaji, nikazunguka. Nguvumali karibu na barabara kuu kuna gesti safi, lakini chini yake wanachomelea mageti kuanzia saa moja asubuhi. Kuna nyingine yenye televisheni kila chumba na maji siku za Jumanne. Moa kwa binamu yetu Sabiri wana nafasi na samaki, ila kutoka barabarani ni bodaboda, na mifupa yako nimeiona. Kuna hoteli moja kubwa upande wa bahari yenye wazungu. Sikushauri.

Nijibu unachagua ipi. Ukisema Methusela atoke, nitamwambia. Ila nitalia.

Dada yako,
Semeni


Oita
1 Desemba 2024

Dada yangu Semeni,

Shikamoo. Huku majani yamekwisha kuanguka na hodhi la nje nalifagia mara nne kwa siku. Bi Okada ametundika kanga uliyomwachia ukutani mapokezini. Wageni humuuliza maana ya maandishi yake, naye hunituma mimi, na mimi hutoa maana mpya kila wiki.

Nimezipitia gesti zako zote kwa makini, pamoja na ile ya maji ya Jumanne. Zote mbaya.

Mwalimu Methusela asiguswe. Usiku huu nilipokosa usingizi nilikitembelea chumba kama kawaida: mlangoni, kitandani, nikamkuta amelala, nikapita kwa kunyata mpaka dirishani. Tarumbeta lilikuwa juu ya kiti. Sikusumbuka kama nilivyodhani ningesumbuka. Mpe salamu zangu, na mwambie kalamu yake nyekundu nakuja kuijibu ukurasa kwa ukurasa. Kijana wa miaka ishirini hawezi kujitetea mwenyewe.

Nitafika baada ya Idi. Mwenyewe nimechagua pa kulala: sebuleni, mkekani, chini ya picha. Usiishushe. Miaka thelathini na moja nimelala nyuma ya nyumba ile. Nataka nilale mbele yake.

Siku mbili za kwanza niandalie chai. Ya tatu unipe brashi, nianze na bafu lako lile lililokuangusha.

Mdogo wako,
Hafidh